Sentensi ya Léonce iliyoumeza msitu

Saa mbili kasorobo asubuhi, gari dogo jeupe linaingia kwenye uwanja wa kuegesha magari wa maduka ya Umbilo, jijini Durban. Linasita, linarudi nyuma, linasita tena. Léonce Abeli ameshafika ubavuni mwake. Anainua mkono wa kushoto, anazungusha wa kulia, anapiga hatua nne kinyumenyume bila kutazama anakokanyaga, kisha anakunja ngumi: hapo hapo, simama. Gari linatulia katikati ya mistari miwili myeupe.

Mama anayeshuka anapita bila kumtazama. Akitoka dukani na mifuko yake anaonyesha simu na kusema hana sarafu, siku hizi analipa kwa kadi tu. Léonce anamwambia asante na Mungu akubariki, kwa Kiingereza. Gari likishatoka anasema neno jingine, kwa Kiswahili cha Ituri, ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika.

Ana miaka arobaini na sita, mfupi, mabega mapana, na kizibao chake cha manjano kimefifia mgongoni kwa jua la miaka mingi. Madereva wa teksi humwita "mfishane", mfupi kwa Kizulu, naye huitika huku akicheka. Neno asiloitikia ni "mbilikimo". Mama yake ni Mmbuti, wa watu wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, na ukilitumia neno hilo mbele yake utabaki unaongea peke yako.

Sehemu anayoilinda ina nafasi thelathini na mbili, kuanzia nguzo ya taa hadi kwenye kibanda cha troli. Zilikuwa arobaini na moja. Mwezi wa kwanza kampuni inayosimamia walinzi ilileta watu wenye ndoo za rangi, wakapiga mistari upya, na nafasi tisa zikaangukia upande wa mwenzake. Ada ya siku, ile anayoilipa yeye ili aruhusiwe kufanya kazi, haikupungua hata senti. Ilipanda.

"Ilikuwa fifty rand, sasa iko sixty," anasema. "Kila siku, mvua iko, mvua haiko. Bale batu hawanilipi, mi ndiye nawalipa! Nalipa juu ya kusimama. Kukaa haiko, kusimama tu."

Mlinzi wa magari hana mshahara. Anaishi kwa sarafu za wenye magari. Siku nzuri Léonce huokota randi mia mbili na ishirini, na siku mbaya ada hutoka kwenye pochi ya mke wake, Cathy, anayesuka nywele katika saluni ya katikati ya jiji. Wanaishi Albert Park, ghorofa ya kumi na moja, kwenye jengo ambalo lifti yake iliharibika kabla binti yao Prodige hajaanza shule. Prodige sasa yuko darasa la nne.

Ukimsikiliza kwa nusu saa utadhani hasira yake yote ni ya lami hii. Siyo. Lami ni ya kuanzia tu.

Jumanne hii, saa tano, simu inatetemeka mfukoni mwake. Ni ujumbe wa sauti kutoka kwa kaka wa mama yake, ambaye Léonce na kijiji kizima humwita Noko, yaani mjomba. Léonce anajibanza nyuma ya kibanda cha troli na kuisogeza simu sikioni.

"Léonce, mtoto wa dada yangu," sauti ya mzee inasema. "Patron amekuja tena. Sasa anataka pori ya Kambi ya Asali. Tulimwambia hapana, ile haiko ya kutoa. Akatucheka. Akasema, nani alipanda kitu pale? Hakuna. Basi haiko ya mtu. Akatuonyesha ile karatasi. Iko kwenye ukuta yake, ameitia ndani ya kioo. Ni maneno yako, Léonce. Siku ya Mungu, misa ikiisha, tunapaswa kumjibu. Wewe ndiye ulileta ile maneno. Utuambie njia ya kutoka."

Léonce anausikiliza mara mbili. Kisha anaipiga troli teke, troli inagonga nyingine, na safu nzima inalia kama sufuria zilizoanguka. Bibi mmoja mwenye mbwa anageuka kumtazama. Léonce anaomba radhi na kuzipanga upya, moja moja.

Ili kuielewa hasira hiyo, lazima kwanza kuelewa namna watu wa kwao walivyoitumia ardhi kabla kakao haijafika.

Kijiji chao ni kidogo, safari ya siku mbili kwa miguu kutoka Mambasa. Baba yake alikuwa mkulima wa kijijini, na mama yake alitoka kambi ya Wambuti iliyo jirani. Wakulima walikata msitu kidogo, wakapanda ndizi za kupika, mpunga na mihogo, wakala kwa miaka mitatu, kisha wakaliachia msitu shamba lile na kwenda kukata kwingine. Watu wa kambi walishika nyavu zao na kuwinda katika msitu uliobaki, wakaleta nyama na asali, wakapewa ndizi. Walikuwa wakigombana na kusengenyana kila mwaka, lakini hakuna aliyelala njaa.

Ardhi yenyewe haikuuzwa. Mtu alikuwa na haki juu ya kile alichokipanda kwa mkono wake, na haki hiyo ilidumu mpaka zao lile liishe. Mgeni akitaka shamba la zamani la mtu alileta chumvi, mapanga mawili na kuku, akapewa. Ndizi zake zikishazeeka, shamba lilirudi kwa mwenyewe bila kesi. Utaratibu huo ulifanya kazi kwa vizazi kwa sababu moja ambayo hakuna aliyewahi kuifikiria: hakuna zao lao lililokuwa linadumu.

Mwaka 2016 akatokea mfanyabiashara mmoja wa kakao kutoka mbali. Jina lake halisi wengi hawalijui. Wote humwita Patron, hata wanaomchukia. Aliomba shamba moja la zamani la Noko, aliloachiwa na shemeji yake, baba wa Léonce, ili apande ndizi. Alileta chumvi, mapanga mawili na kuku, kama desturi inavyotaka, tena kuku mwenyewe mnono. Kisha akaongeza jambo ambalo halikuwa la desturi. Alitaka karatasi.

Noko hajui kuandika. Alipanda kilima chenye mtandao akampigia mpwa wake aliyeko Afrika Kusini, msomi wa familia, aliyefika darasa la nne la sekondari kwa mapadri kabla vita havijamfukuza. Wakati huo Léonce alikuwa ameishi Durban kwa miaka minane. Alikuwa ameegemea nguzo ile ile ya taa, katika uwanja ule ule. Alisikiliza maelezo, akakohoa kidogo ili kusafisha koo, akamtamkia karani wa kijiji sentensi moja, neno kwa neno.

"Atalitumia shamba hili mpaka alichopanda kitakapokwisha."

"Nilijisikia mwanasheria," anasema sasa, na hasemi kwa kucheka. "Niko na ile vesti ya manjano, natamka sheria kwa simu. Karani ananiambia, papa Léonce, urudie pole pole. Narudia. Eish! Nilikuwa na majivuno mingi."

Ndizi za Patron ziliisha baada ya miaka mitatu, kama zilivyotakiwa. Noko akaenda kulichukua shamba lake. Chini ya majani makavu ya migomba alikuta safu kwa safu ya miche inayomfika kifuani, mibichi, yenye afya. Patron alikuwa amepanda kakao kwenye kivuli cha ndizi zake tangu mwaka wa kwanza. Noko alikuwa akiiona miche hiyo lakini hakuijali, akidhani ni mboga ya wageni.

Mkakao huzaa kwa miaka thelathini, hata arobaini. Mmoja ukifa, mwingine hupandwa pale pale. Kwa sentensi ya Léonce, Patron hajavunja lolote. Alichopanda hakijaisha, na hakitaisha Noko akiwa hai.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe siku ya kwanza, na hakuna aliyemuuliza ana mbegu gani mfukoni.

Lakini shamba moja si msiba. Msiba ni kwamba karani wa kijiji aliipenda sentensi ile. Ilikuwa fupi, ilikuwa safi, na ilitoka kwa mtu wa ng'ambo. Kila mgeni mwingine alipokuja kuomba shamba, karani aliinakili kama ilivyo, akaacha nafasi ya jina. Imetumika mara kumi na moja. Mashamba kumi na moja ya zamani, yaliyokuwa yanapumzika ili yarudi kuwa msitu, leo ni kakao kutoka mto hadi barabara.

"Kumi na moja," anasema Léonce. "Kule kwetu wanaiita 'sentensi ya Léonce'. Mtoto anazaliwa, anakua, anajua jina langu juu ya ile tu."

Kwa kukosa mashamba ya kurudia, wakulima wa kijiji sasa hukata msitu wa ndani zaidi, ule uliokuwa wa kuwindia. Mboloko, yule paa mdogo aliyekuwa akinaswa kwenye nyavu, amehama. Nyavu za kambi zimening'inizwa na panya wanazitafuna. Wambuti waliokuwa wakiuza nyama na asali kwa bei yao sasa wanavuna kakao ya watu kwa bei ya watu. Kutwa nzima ya kupasua matunda ya kakao kwa panga, mama mtu mzima hulipwa bakuli la mchele, na wanaume wengine hulipwa pombe kali ndani ya chupa ya soda. Inakera kuliandika jambo hilo, na inakera zaidi kwa sababu wanaoinunua kakao hiyo hukuambia kwamba wanakijiji sasa "wameingia sokoni". Wameingia, ndiyo. Wameingilia mlango wa nyuma, wamebeba magunia.

Bei ya kakao iliporuka juu miaka michache iliyopita, Patron alijenga ghala la mabati kwenye kilima. Ni kilima kile kile chenye mtandao. Leo Noko akitaka kumlalamikia Patron kwa mpwa wake, lazima apande hadi kwenye ghala la Patron, asimame kwenye uwanja wa Patron, na azungumze kwa sauti ya chini.

Kilichobaki ni Kambi ya Asali. Ni ukanda wa msitu kati ya kijito na mteremko, mdogo kiasi kwamba mtu mwenye mwendo huuvuka kabla chai haijapoa. Una miti mikubwa ambayo nyuki huirudia kila mwaka. Mwezi wa sita na wa saba kambi nzima huhamia huko, wazee, wajawazito na watoto wachanga, na kujenga vibanda vya majani na kula asali mpaka matumbo yawaume.

"Ile miezi miwili mama yangu haiko mtumishi ya mtu," anasema Léonce. "Miezi kumi anaambiwa we lete kuni, we vunja kakao, we ondoka hapa. Akifika kule haiko mtu wa kumtuma. Unaelewa? Patron hataki tu pori. Anataka ile miezi miwili."

Anapolisema hilo sauti yake inapanda mpaka mlinzi mwenzake wa upande wa pili anageuka. Léonce anamwonyesha kidole gumba, kwamba hakuna tatizo. Tatizo lipo.

Hasira nyingine ameielekeza kwake mwenyewe, na hiyo ndiyo haina pa kutokea. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mwaka jana Prodige alirudi kutoka sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mwenzake wa shule akiwa na kipande cha chokoleti, amekibeba kwa uangalifu ili agawane na wazazi. Léonce alikichukua akakitupia dirishani, kutoka ghorofa ya kumi na moja. "Nikaona mtoto analia, hajui amekosa nini," anasema. "Nikajichukia. Nilishuka kwa ngazi kwenda kukitafuta. Kilikuwa kimekanyagwa na teksi."

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, Léonce anavuka barabara kwenye roboti, yaani taa za barabarani, na kwenda kwenye meza ya Respicius, Mtanzania wa Bukoba anayetengeneza simu chini ya mwavuli, karibu na duka la matairi. Anampelekea simu yake, ambayo sehemu ya kuchajia imelegea. Wakati Respicius anaifungua kwa bisibisi ndogo, Léonce anamweleza habari za Noko. Hakuja kutafuta ushauri. Amechoka tu kukaa nazo kifuani.

Respicius anaacha kazi. "Subiri kwanza, kaka Léonce. Mlimwazima mtu shamba bila kumwambia asipande mti?"

"Kwetu hakuna mtu alipandaka mti. Mti inaota yenyewe."

"Mungu wangu." Respicius anaiweka bisibisi chini. "Kwetu Bukoba hata mtoto anajua. Ukimwazima mtu shamba, neno la kwanza ni hilo: panda mahindi, panda maharage, mkahawa marufuku. Akithubutu kuchomeka mche wa kahawa, unaung'oa mbele yake kabla haujashika mizizi. Mti ukishasimama, kesi imekwisha. Mwenye mti ndiye mwenye ardhi."

Léonce anamuuliza: "Mnajua hivyo tangu lini?"

"Tangu babu zetu. Kahawa ilitufundisha mapema."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Watu waliokwisha kuumwa na soko walikuwa na kinga yao. Watu wa Ituri hawakuwa nayo, si kwa ujinga, bali kwa sababu waliishi ndani ya miti mamilioni na hakuna hata mmoja uliohitaji mtu wa kuupanda. Patron aliliona tobo hilo akapita, na Léonce ndiye aliyemfungulia mlango kwa ufasaha.

"Sasa anasema Kambi ya Asali haina mwenyewe kwa sababu hakuna aliyepanda?" Respicius anauliza, akiirudisha simu kwenye kava lake.

"Ndiyo."

"Basi pandeni. Dawa ya moto ni moto."

"Tupande nini? Kakao?" Léonce anauliza kwa ukali, na watu wawili wanaosubiri simu zao wanatazama pembeni. "Nimwambie mama yangu akate miti ya nyuki apande kakao, juu Patron asipande kakao?"

Respicius anamrudishia simu. Anakataa malipo ya matengenezo, na Léonce anarudi kwenye lami yake akiwa na hasira kuliko alivyotoka.

Jibu alilipata kwenye sahani. Alhamisi jioni Cathy alipika mfumbwa kwa karanga na samaki wa moshi. Mfumbwa ni majani ya msituni, magumu, yanayokatwa kama nyuzi kabla ya kupikwa, na Wakongo wa Durban huyanunua makavu kwa bei inayouma. Cathy huyapata kwa mama Gloriose, anayeuza vyakula vya nyumbani chini ya jengo lao.

Léonce alikuwa akitafuna huku amenuna. Mkewe alimwambia aache kukinunia chakula, kwani si mboga iliyoandika karatasi. Hapo akaacha kutafuna.

"Niliangalia ile sahani," anasimulia. "Mfumbwa iko kamba. Inapanda. Haiwezi kusimama peke yake, inapaswa kukamata mti. Na haifi upesi! Ukichuma majani vizuri, usikate shina, inakaa miaka na miaka. Nikasema, Cathy, hii. Ni hii!"

Cathy anakumbuka tofauti kidogo. "Alisimama akamwaga maji kwenye meza," anasema. "Nilizani ameumwa na mfupa ya samaki."

Mche wa mfumbwa uliopandwa kwenye shina la mti wa asali ni zao lililopandwa kwa mkono wa mtu. Una mwenyewe. Kwa desturi ya kijiji, na kwa sentensi ya Léonce iliyoko ndani ya kioo, aliyepanda anatumia mahali pale mpaka alichopanda kiishe. Tena hauwezi kuishi mti wake ukikatwa. Atakayekata mti wa asali atakuwa ameharibu zao la mtu, na hilo kijijini lina kesi, lina faini, na lina aibu.

Ijumaa, saa nne asubuhi, Léonce alijibanza tena nyuma ya kibanda cha troli na kurekodi ujumbe. Alirekodi mara tatu. Wa kwanza ulikuwa wa matusi tu, akaufuta. Wa pili alilia, akaufuta. Wa tatu aliutuma.

"Noko, ni mi Léonce. Batu bote basikie. Ile maneno ilikuwa makosa yangu, na naomba msamaha kwenu bote, naomba kwa mama yangu. Lakini ile maneno Patron hana yake peke yake. Inafanya kazi kwa kila mtu mwenye kupanda. Kesho ingieni pori, mutafute miche ya mfumbwa, wala musiing'oe yote. Mupande kwenye kila mti ya asali. Kila mtu mti yake, kwa mkono yake mwenyewe, mbele ya bengine. Mutoto pia apande. Musikate hata fito moja. Kisha Siku ya Mungu mumuite karani, asome ile karatasi kwa sauti. Patron aseme ile maneno iko ya bongo, ya uongo, ama iko ya kweli. Akisema ya bongo, atoke kwenye mashamba kumi na moja. Akisema ya kweli, asubiri mfumbwa yetu ikwishe."

Respicius alipousikia alimuuliza swali la haki: je, kama mfumbwa nao utapata bei kubwa siku moja, hautawaletea Patron mwingine? Léonce hakubisha. "Atakuja," alisema. "Soko haina haya. Lakini huyo atapaswa kuacha mti isimame. Huyu wa sasa anataka kuangusha yote."

Jumapili kanisani Albert Park, Cathy anasema, mumewe hakuimba hata ubeti mmoja. Simu ilikuwa mkononi kuanzia sala ya kwanza hadi matangazo. Haikulia.

Inalia Jumatatu, saa tatu na nusu, wakati Léonce anamsaidia mzee mmoja kutoa gari kwenye nafasi ya kumi na saba. Anaongoza gari mpaka mwisho, anapokea sarafu ya randi tano, anashukuru, ndipo anakwenda nyuma ya troli. Anakosea kubonyeza, anabonyeza tena.

Noko ndiye anayeanza. Walipanda Jumamosi kutwa nzima. Jumapili karani aliisoma karatasi mbele ya watu wote, naye Patron akacheka. Halafu Noko akamuuliza kama maneno yale ni ya uongo. Patron akaacha kucheka. Alisema atakwenda Mambasa kuwaleta wakubwa wenye mihuri, akapanda pikipiki akaondoka. "Tulimwambia aende salama," Noko anasema. "Tulimwambia akirudi asikanyage mazao ya batu."

Hawajashinda. Léonce analijua hilo vizuri kuliko yeyote, kwa kuwa anajua karatasi inavyoweza kugeuka. Serikali ya Kongo ina sheria inayoruhusu jamii kuomba msitu wao uandikwe kwa jina lao, na padri wa parokia ameahidi kuwasaidia kuandaa maombi. Safari hii, Léonce anasema, hatatamka sentensi yoyote kwa simu. Anataka kuwa amekaa pale, karatasi iko mezani, asome kila neno kabla mama yake hajaweka dole gumba.

Na hapo ndipo penye kisu. Ana hati ya ukimbizi. Anayerejea kwa hiari nchi aliyoikimbia anaweza kuambiwa hahitaji tena hifadhi, na mpaka ukafungwa nyuma yake. Cathy hakumficha anavyoona. "Ukienda, pengine haurudi," alimwambia. "Mi sikuzuii. Lakini Prodige utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, si kwa ujumbe." Bado hajamwambia. Ameshauliza nauli ya basi, na ameshaanza kuweka pembeni randi ishirini kila siku. Amepanga mwezi wa sita, mwanzo wa asali.

Kinachomsukuma si sheria, na wala si padri. Ni sehemu ya pili ya ujumbe ule, pale Noko anapompa dada yake simu. Léonce anaisikiliza akiwa amefumba macho, mgongo wake ukiwa umeegemea troli.

"Léonce, ni mama. Miti bote imepata mwenyewe. Moja nimeacha. Ule wenye ulipanda juu yake ukiwa mudogo, nyuki zikakuuma mpaka macho ikafunga, nikakubeba mgongoni. Ni ule. Shimo nimechimba, inafika hapa kwenye kisigino ya mkono. Mi siwezi kukupandia. Mtu hapandiwi na mwingine, wewe mwenyewe ulisema. Patron akirudi atahesabu miti, atakuta moja haina kitu. Kuja, mwanangu. Shimo iko wazi."

Ujumbe unakwisha. Léonce anaunyoosha mkono wake wa kulia, anauweka wa kushoto kwenye kiwiko, anapima kutoka hapo hadi ncha za vidole, kina cha shimo. Anapima tena. Nyuma yake gari limeingia na dereva anapiga honi, mara moja, mara mbili, kwa hasira, akitaka aonyeshwe nafasi.

"Nakuja!" Léonce anapaza sauti kwa Kiswahili, lugha ambayo dereva yule haijui, na bado hajageuka.